Taa ya upepo wa magurudumu: inasema nini, na dereva afanye nini?

Barabara ya RN3, inayotoka Bujumbura kuelekea kusini kupitia Rumonge hadi Nyanza-Lac, ndiyo njia kuu ya abiria, mafuta ya mawese na ndagala wa Ziwa Tanganyika. Baadhi ya magari yanayoitumia yana taa ndogo ya manjano kwenye dashibodi, mfano wa kwato ya farasi yenye alama ya mshangao katikati. Taa hiyo hutahadharisha kwamba upepo wa gurudumu umepungua. Dereva aliyezoea kuiona ikiwaka kila siku hatatambua siku ambayo gurudumu limetoboka kweli.

Mfumo huu ulienea baada ya Marekani kupitisha sheria mwaka 2000, kufuatia ajali mbaya zilizohusishwa na matairi kuchanika njiani. Umoja wa Ulaya uliulazimisha kwa magari madogo yote mapya mwaka 2014. Magari mengi yaliyotengenezwa kwa ajili ya soko la Japani, ambayo Burundi huyapokea yakiwa yametumika, hayana mfumo huu kabisa.

Aina mbili za mfumo

Katika aina ya kwanza, kila gurudumu lina kihisi ndani ya rimu, kwenye shina la valvu. Kihisi hupima upepo na kutuma taarifa kwa mawimbi ya redio. Katika aina ya pili hakuna kihisi cha upepo. Kompyuta ya gari hulinganisha kasi ya magurudumu, kwa kuwa tairi lililopungua upepo huzunguka kwa kasi zaidi kuliko mengine.

Soma taa kwanza

Taa ikiwaka bila kupepesa, maana yake upepo umepungua. Ikipepesa kwa takriban dakika moja baada ya kuwasha gari, kisha ikabaki inawaka, mfumo wenyewe una hitilafu.

Kwa hali ya kwanza, pima magurudumu yote kwa geji kabla ya safari, yakiwa yamepoa. Kipimo sahihi kimeandikwa kwenye kibandiko kilichopo kwenye fremu ya mlango wa dereva. Namba iliyo ubavuni mwa tairi ni kiwango cha juu kabisa, si cha kufuata. Usisahau tairi la akiba, kwani katika baadhi ya magari nalo lina kihisi.

Upepo uliojazwa matairi yakiwa ya moto hudanganya. Gari likijazwa Rumonge adhuhuri baada ya mwendo mrefu, kisha likapanda hadi Bururi, zaidi ya mita 1,000 juu ya ziwa, na kulala huko kwenye baridi, taa inaweza kuwaka alfajiri ingawa hakuna pancha. Joto likishuka nyuzi 10, upepo hupungua kwa takriban bar 0.1.

Uhaba wa mafuta ulioikumba Burundi umefanya magari mengi kusimama kwa siku nyingi. Tairi hupoteza upepo polepole hata likiwa zima, na vihisi hulala gari lisipotembea. Baada ya kujaza, endesha dakika 10 hadi 20 kabla ya kusema kwamba taa imeharibika.

Gari la aina ya pili lina kitufe cha kuweka upya kumbukumbu. Kibonyeze baada ya kujaza upepo sahihi tu. Ukikibonyeza tairi likiwa limelegea, kompyuta itakichukua kiwango hicho kibovu kuwa cha kawaida, na haitakuonya tena.

Mfumo ukiwa na hitilafu

Betri ya kihisi hudumu miaka 5 hadi 10 na kwa kawaida haibadilishwi. Hununuliwa kihisi kipya. Hapo pana mtego: magari ya Ulaya kwa kawaida hutumia masafa ya megahezi 433, na ya Marekani 315. Kihisi cha masafa tofauti hakitasikika, hata kikiingia sawasawa kwenye rimu. Vingine huhitaji kusajiliwa kwenye kompyuta ya gari kwa kifaa maalumu.

Mwambie fundi kuhusu vihisi kabla hajalitoa tairi, maana chuma chake cha kubandulia huweza kuvivunja. Gundi ya kuziba pancha nayo huweza kuziba tundu la kihisi. Na kifuniko cha valvu kiwe cha plastiki: cha shaba huweza kugandamana na shina la alumini kwa kutu, na shina likakatika.

Usiifunike taa kwa gundi wala kuikata waya ili gari liuzike. Ukinunua gari lililotumika, washa swichi bila kuwasha injini: taa ya upepo inapaswa kuwaka kidogo, kisha kuzimika. Isiyowaka kabisa huenda imezimwa makusudi.

Hata taa nzima haichukui nafasi ya geji. Kwa kanuni za Marekani, inatakiwa kuwaka upepo ukipungua kwa asilimia 25. Yaani gurudumu la bar 2.2 laweza kushuka hadi karibu 1.65 kabla dereva hajaonywa. Gari lililojaa abiria na mizigo hupasha moto tairi lililolegea muda mrefu kabla ya hapo. Pima upepo angalau mara moja kwa mwezi, na kila kabla ya safari ndefu.