Askari wa zamani wa Maziwa Makuu: safari ndefu kutoka kambini hadi karakana

Bunduki hukabidhiwa kwa siku moja, lakini kazi ya kumlisha aliyeikabidhi huweza kutafutwa kwa miaka. Katika nchi za Maziwa Makuu, mafunzo ya ufundi na huduma za ajira kwa wapiganaji wa zamani yamegharamiwa kwa sehemu kubwa na ruzuku, yaani fedha ambazo serikali hupewa na wafadhili bila sharti la kuzirejesha. Yaliyotokea Burundi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo na Rwanda yanaonyesha kile ambacho fedha hizo ziliweza kufanya, na mahali ambapo watu wengi waliachwa njiani.

Mpango mmoja, nchi saba

Mwaka 2002 Benki ya Dunia na wafadhili kadhaa, wengi wao wa Ulaya, walianzisha mpango wa kanda unaojulikana kwa kifupi kama MDRP. Ulizihusisha Angola, Burundi, Congo-Brazzaville, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, Jamhuri ya Afrika ya Kati, Rwanda na Uganda. Nchi hizo ziliunganishwa kwa sababu vita vyenyewe havikuheshimu mipaka: mpiganaji aliyekosa riziki upande mmoja aliweza kuajiriwa na kundi jingine upande wa pili.

Mpango huo ulikadiriwa kugharimu takriban dola milioni 500 za Marekani. Ulifungwa katikati ya mwaka 2009, baada ya watu wapatao 280,000 kuondolewa katika majeshi na makundi yenye silaha. Kwa kuwa kanuni za Benki ya Dunia haziiruhusu kugharamia shughuli za kijeshi, kazi ya kukusanya silaha iliachiwa majeshi na Umoja wa Mataifa. Fedha za benki zilianza kutumika pale mtu alipovua sare.

Msaada wenyewe uligawanywa katika hatua mbili. Ya kwanza ni msaada wa mpito, ambao kwa viwango vya Umoja wa Mataifa hauzidi mwaka mmoja: fedha za chakula, makazi na nauli ya kurudi nyumbani. Ya pili, iliyo ndefu na ngumu zaidi, ni ya kumwezesha mtu kujipatia kipato: mafunzo ya ufundi, zana za kuanzia kazi, mtaji au ushauri wa namna ya kupata ajira.

Burundi: wengi waliikimbilia biashara

Nchini Burundi, Benki ya Dunia iliidhinisha ruzuku ya dola milioni 33 mwaka 2004, na watu wa kwanza waliondolewa jeshini mwezi Desemba mwaka huo chini ya tume ya taifa, CNDRR. Posho ya mpito ilihesabiwa kwa mishahara ya miezi 18, na ililipwa kwa awamu kulingana na cheo.

Baadaye kila mmoja alitakiwa kuchagua njia yake: kurejea katika kazi aliyoiacha, kuendelea na masomo, kujifunza ufundi, au kuanzisha shughuli ya kuzalisha kipato. Walio wengi mno walichagua njia hiyo ya mwisho, hasa biashara ndogo ya vyakula. Msaada haukutolewa kwa fedha taslimu bali kwa bidhaa zenye thamani ya takriban faranga 600,000 za Burundi.

Uchaguzi huo ulikuwa na mantiki yake. Mwanafunzi wa useremala hukaa miezi kadhaa bila kipato, ilhali magunia ya maharage huweza kuuzwa siku hiyo hiyo ili kulipa deni au kuezeka nyumba. Lakini wafanyabiashara wapya walikuwa wengi na waliuza vitu vilevile katika masoko ya vijijini yenye wanunuzi wachache. Baadhi yao waliuza mtaji wote kwa bei ya hasara na kubaki mikono mitupu.

Congo: pengo kati ya posho na mafunzo

Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo ilipata ruzuku ya dola milioni 100 mwaka 2004, pamoja na fedha nyingine kutoka mfuko wa pamoja wa wafadhili. Katika vituo vya kupokelea wapiganaji, kila mtu mzima aliulizwa swali moja: kujiunga na jeshi jipya la taifa au kurudi uraiani? Zaidi ya watu wazima 100,000 waliondolewa jeshini. Aliyechagua uraia alipewa dola 110 za kuanzia safari, kisha dola 25 kila mwezi kwa mwaka mmoja, zilizolipwa kupitia huduma ya simu za mkononi.

Tatizo lilikuja baada ya hapo. Kwa wengi, mafunzo na zana za kazi havikufika wakati posho ilipokuwa ikiendelea kulipwa, na walikaa bila kitu kwa muda mrefu. Tume iliyosimamia kazi hiyo, CONADER, ilifungwa mwaka 2007 na majukumu yake kuhamishiwa kitengo kingine.

Gharama ya kuchelewa ilionekana wazi zaidi miaka kadhaa baadaye. Mwaka 2014, shirika la kutetea haki za binadamu la Human Rights Watch liliripoti kwamba zaidi ya watu 100, wakiwemo wapiganaji wa zamani pamoja na wake na watoto wao, walikufa kwa njaa na maradhi katika kambi ya Kotakoli, kaskazini-magharibi mwa nchi. Walikuwa wamejisalimisha na walikuwa wakisubiri mpango uanze.

Rwanda: ufundi kwa waliojeruhiwa

Rwanda iliunda tume yake, RDRC, mwaka 1997, kabla ya mpango wa kanda. Wapiganaji wanaorejea kutoka Congo hupitia kituo cha Mutobo, wilayani Musanze, kabla ya kurudi katika familia zao.

Kuanzia mwaka 2005, Shirika la Ushirikiano wa Kimataifa la Japani, JICA, lilisaidia mafunzo ya ufundi kwa askari wa zamani wenye ulemavu. Waliowahi kupigana katika pande zilizohasimiana walijifunza pamoja, na raia wenye ulemavu pia walipokelewa. Wahitimu walihimizwa kuunda vyama vya ushirika ili wamiliki zana na kutafuta wateja kwa pamoja. Awamu ya pili, iliyoanza mwaka 2011, iliongeza msaada wa kuwatafutia wahitimu kazi, kwa kutambua kwamba cheti peke yake hakimpatii mtu ajira.

Funzo lililobaki

Ruzuku huwa na tarehe ya kufungwa, lakini uhitaji wa riziki hauna. Kumfunza fundi cherehani ni kazi ya miezi michache. Kumhakikishia wateja katika kijiji ambacho majirani zake nao ni maskini ni jambo jingine. Aidha, majirani waliopoteza mali na ndugu huuliza kwa nini aliyeshika bunduki ndiye anayepewa cherehani. Wanawake waliokuwa pamoja na wapiganaji, wengi wao wakihesabiwa kuwa wake au wategemezi tu, mara nyingi hawakuandikishwa kabisa.

Kwa sababu hiyo mpango mpya wa Congo, P-DDRCS, ulioundwa mwaka 2021, umeweka mkazo katika miradi ya jamii nzima badala ya kumhudumia mpiganaji mmoja mmoja. Barabara, mashamba na karakana zinakusudiwa kumnufaisha aliyerudi kutoka msituni pamoja na waliompokea. Kipimo chake kitakuwa kile kile kilichoishinda mipango iliyotangulia: kama kazi itapatikana kabla ya subira ya aliyekabidhi silaha kwisha.