Vachanamrut

Vachanamrut ni kitabu kitakatifu cha Wahindu wa madhehebu ya Swaminarayan. Kimekusanya mafundisho ya mwasisi wao, Swaminarayan (1781–1830), yaliyoandikwa kwa Kigujarati na wanafunzi wake kati ya 1819 na 1829. Toleo la tawi la Vadtal la madhehebu hayo lina hotuba 262.

Kila hotuba hufunguliwa kwa tarehe, mahali, mavazi ya mwalimu na hadhira yake. Aghalabu hufuata maswali na majibu. Katika ya kwanza, iliyotolewa mjini Gadhada, Swaminarayan anauliza ni ibada gani iliyo ngumu kuliko zote, kisha anajibu mwenyewe: kumkumbuka Mungu bila kukatiza. Nguzo za mafundisho ya kitabu hiki ni nne: uadilifu, maarifa, kutotawaliwa na tamaa za dunia, na kumpenda Mungu.

Wafuasi wa Kigujarati walikipeleka kitabu hiki Uganda. Mwaka 1972 rais wa nchi hiyo, Idi Amin, aliwapa Waasia, wakiwemo wafuasi hao, siku 90 kuondoka, na maduka yao yakaachwa kuanzia Kampala hadi Mbarara. Wengi walihamia Uingereza, ambako hekalu la Swaminarayan la Neasden, London, lilifunguliwa mwaka 1995.