Kura na Viti katika Baraza la Kutunga Sheria la Zanzibar, 1957–1963

Baraza la Kutunga Sheria la Zanzibar liliwekwa na Waingereza mwaka 1926, na kwa muda wa miaka 31 halikuwa na mjumbe hata mmoja aliyeingia humo kwa kuchaguliwa na watu. Wajumbe wasiokuwa watumishi wa Serikali waliteuliwa, na uteuzi wenyewe ulifuata asili za watu: hawa kwa ajili ya Waarabu, hawa kwa ajili ya Wahindi, huyu kwa ajili ya Wazungu. Mwafrika wa kwanza hakuingia ila mwaka 1946. Nchi yenye Waislamu karibu wote, inayosema lugha moja, ilizoezwa hivyo kujihesabu kwa nasaba kabla haijapata kujihesabu kwa kura.

Neno hili la kura, kwa asili yake ya Kiarabu, lina maana ya bahati nasibu, yaani kupata jambo kwa kura ya kijiti au ya karatasi iliyokunjwa, ambapo hakuna alaumiwaye kwa matokeo. Siasa nalo, katika Kiswahili cha zamani, lilikuwa na maana ya upole na utaratibu. Mtu aliambiwa afanye jambo kwa siasa, asije akaliharibu. Maneno yote mawili yaligeuka maana kwa muda mfupi sana. Wazee wa Unguja na Pemba wakisema “wakati wa siasa” hawana haja ya kutaja mwaka. Wanakusudia miaka ile kuanzia 1957 mpaka mwanzo wa 1964, wala hawakusudii upole.

Uchaguzi wa kwanza ulifanywa mwezi wa Julai 1957, kwa viti 6 tu. Waliopiga kura ni wanaume, na tena wanaume waliotimiza masharti yaliyowekwa; wanawake hawakupewa haki hiyo mpaka 1961. Hizbu l-Watan, chama kilichoanzishwa mwishoni mwa 1955, ndicho kilichodai kwa nguvu zaidi kuwa raia wote waandikwe katika daftari moja pasipo kutengwa kwa asili zao. Wapinzani wake walikuwa wamejikusanya kwa haraka katika Februari 1957, Jumuiya ya Waafrika na Jumuiya ya Washirazi zilipoungana. Muungano huo hasa ulikuwa wa Unguja. Washirazi wa Pemba walijiweka kando kwa wakati ule. Hizbu hawakupata kiti hata kimoja. Kiongozi wao, Sheikh Ali Muhsin, alisimama Ng'ambo kupambana na Sheikh Abeid Amani Karume, akapata kura 918 dhidi ya kura 3,328 za mwenzake. Afro-Shirazi walichukua viti 3 vya Unguja, cha nne, cha Mji Mkongwe, kikaenda kwa mjumbe wa jumuiya ya Waislamu wa Kihindi, na viti 2 vya Pemba vikaenda kwa Washirazi wa huko, Sheikh Mohammed Shamte na Sheikh Ali Sharif Musa.

Yaliyofuata baada ya uchaguzi huo yanafaa kutazamwa kuliko hesabu yake. Katika mwaka 1958 ugomvi wa vyama uliingia mpaka katika mambo ambayo kwa desturi ya Waswahili hayagombaniwi. Watu waliacha kuzikana. Walisusa maduka na mabasi ya wale waliokuwa wa chama kingine. Na katika mashamba ya mikarafuu wenye mashamba waliwafukuza walima chakula waliokuwa wakikaa chini ya mikarafuu yao kwa mapatano ya zamani, ambayo hayakuandikwa popote. Mkulima aliyepanda mihogo yake hapo kwa ruhusa ya babu wa mwenye shamba alifahamu ghafula kwamba ruhusa ile ilikuwa na sharti la kura. Viongozi wa nchi jirani waliingia kati kupatanisha, na hali ikatulia kidogo. Lakini Desemba 1959 Afro-Shirazi ikapasuka: Sheikh Shamte, Sheikh Ameri Tajo na Sheikh Ali Sharif Musa walitoka, wakaunda Chama cha Watu wa Unguja na Pemba, kilichojulikana zaidi kwa herufi zake za ZPPP.

Basi katika Januari 1961 vyama vilikuwa vitatu na viti 22. Afro-Shirazi walipata kura 36,698 na viti 10. Hizbu kura 32,724 na viti 9. ZPPP kura 15,541 na viti 3. Kiti kimoja kati ya vile 10, cha Chake Chake, kilipatikana kwa tofauti ya kura moja. Wale watatu wa ZPPP sasa ndio walioshika mizani, nao hawakukubaliana: wawili walikwenda upande wa Hizbu, na wa tatu, Sheikh Ali Sharif Musa, akarudi upande wa Afro-Shirazi. Ikawa 11 kwa 11. Kama mtu mmoja wa Chake Chake angegeuza kura yake siku ile, serikali ingalipatikana, na pengine uchaguzi wa pili usingelihitajiwa. Badala yake iliwekwa serikali ya muda, kikaongezwa kiti kimoja huko Pemba ili hesabu isigawanyike sawa tena, na watu wakaitwa kupiga kura upya tarehe 1 Juni.

Safari hii Hizbu na ZPPP walikuwa wamepatana wasisimamishe wagombea wawili mahali pamoja. Afro-Shirazi walipata kura 45,172, Hizbu 31,681 na ZPPP 12,411. Ukijumlisha kura za wale wawili zinakuwa 44,092. Kwa hiyo Afro-Shirazi peke yao waliwazidi kwa kura 1,080. Viti, hata hivyo, vilikuwa 10 kwao, 10 kwa Hizbu na 3 kwa ZPPP, na serikali ikaundwa na wale wenye 13, Sheikh Shamte akawa Waziri Kiongozi. Siku ile ile ya uchaguzi palizuka ghasia mjini, zilizoanzia katika misururu ya wapiga kura kwa shutuma za udanganyifu, zikaenea mashambani. Watu 68 waliuawa, walio wengi sana wao Waarabu, na mamia wakajeruhiwa. Tume iliyochunguza baadaye iliandika mengi juu ya chanzo cha ghasia. Juu ya kura zile 1,080 hapakuwa na la kuchunguza, maana sheria haikuvunjwa.

Jambo hili lilijirudia, kwa ukubwa zaidi, katika Julai 1963. Nchi ilikuwa imepata madaraka ya ndani tarehe 24 Juni, Sultani Abdullah akafariki tarehe 1 Julai, na mwanawe Jamshid alikuwa hajatimiza wiki mbili katika kiti chake uchaguzi ulipomalizika. Viti viliongezwa vikawa 31. Afro-Shirazi walipata kura 87,085, yaani zaidi ya asilimia 54, na viti 13. Hizbu walipata kura 47,950 na viti 12, na ZPPP kura 25,609 na viti 6. Kwa wastani, kila kiti cha Afro-Shirazi kiligharimu kura karibu 6,700, na kila kiti cha wapinzani wao kura karibu 4,090.

Wengi wamelieleza jambo hili kuwa ni hila ya Waingereza katika kukata mipaka. Huenda mipaka ilisaidia, lakini si lazima kutafuta hila mahali ambapo hesabu inatosha. Wafuasi wa Afro-Shirazi walikuwa wamesongamana: Ng'ambo na katika baadhi ya mashamba ya Unguja walishinda kwa maelfu, na kila kura iliyozidi ile ya kushindia ilikuwa kama maji yaliyomiminwa katika mtungi uliojaa. Pemba mambo yalikuwa kinyume. Huko walipata zaidi ya asilimia 40 ya kura, lakini kati ya viti 14 vya kisiwa hicho walipewa 2 tu, kwa sababu karibu kila mahali walishindwa kwa kiasi kidogo. Na Pemba haikuwa sehemu ndogo ya nchi: hesabu ya watu ya 1958 iliwapata watu 165,253 Unguja na 133,858 Pemba. Utaratibu wa mjumbe mmoja kwa kila jimbo, uliotoka Uingereza, haukutazamia nchi ya visiwa viwili vyenye mielekeo miwili. Tanganyika, ambako mwaka 1960 TANU ilipata viti 70 kati ya 71, utaratibu huo huo haukumwumiza mtu.

Uhuru ukaja tarehe 10 Desemba 1963 chini ya serikali ya Sheikh Shamte, nayo ikaanguka kwa Mapinduzi tarehe 12 Januari 1964. Baraza lile halikukaa tena. Zanzibar iliungana na Tanganyika mwezi wa Aprili mwaka ule ule, ikabaki na serikali yake ya ndani, lakini Baraza la Wawakilishi halikupatikana mpaka 1980, na uchaguzi wa vyama vingi ulikawia mpaka Oktoba 1995.

Waliokuwa vijana katika 1963 walikuwa wamekwisha kuwa na wajukuu. Majina ya vyama yalikuwa mengine, na jogoo wa Hizbu hakuonekana tena katika karatasi ya kura. Matokeo yalipotangazwa, Chama cha Mapinduzi kilipata viti 26 na Chama cha Wananchi, CUF, viti 24. Na katika hivyo 24, viti 21 vilikuwa viti vyote vya Pemba.