Ndege wa Malindi: Sabaki, Mida na Arabuko-Sokoke

Mto Sabaki huingia Bahari ya Hindi kilomita chache kaskazini ya mji wa Malindi. Huanzia bara ukiitwa Athi, hupita Tsavo kwa jina la Galana, na hufika pwani ukiwa mwekundu kwa udongo. Kilimo cha bara kilipopanuka katika karne ya 20, udongo huo ulizidi, hata ufuo wa mji ukajaa mchanga na bahari ikasogea mbali na majengo yaliyokuwa karibu na maji. Hasara ya mji ikawa riziki ya ndege. Kwenye matope ya mlango wa mto hutua heroe, shakwe na chekeamwezi, na viboko huishi humo humo, jirani kabisa na maji ya chumvi.

Ujirani huo una hatari. Desemba 2004, siku moja baada ya mawimbi ya tsunami, kiboko mchanga alionekana amekwama peke yake kwenye mwamba wa bahari mbele ya Malindi. Wavuvi na wenyeji walimwokoa kwa nyavu, akapelekwa Haller Park, Mombasa, ambako alijibanza kwa kobe mkongwe aitwaye Mzee. Habari za Owen, kama kiboko huyo alivyoitwa, zilienea duniani. Karne nyingi kabla yake, mnyama mwingine alilifikisha jina la Malindi mbali: mwaka 1415 ujumbe wa mji huo ulimpelekea mfalme Yongle wa China twiga, na huko akadhaniwa kuwa qilin, mnyama wa baraka katika hadithi za Wachina.

Kusini, karibu na Watamu, ipo hori ya Mida, iliyozungukwa na mikoko na kuhifadhiwa pamoja na bahari ya Watamu tangu 1968. Atakaye kuona ndege hapa lazima ajue maji. Yakipwa, ndege hutawanyika mbali kwenye matope, wakawa vitone tu machoni. Yanapoanza kujaa, huwasukuma taratibu kuelekea ukingoni. Wa kutafutwa zaidi ni chekeamwezi mla kaa, mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene mfano wa koleo. Tofauti na jamaa zake, hutaga ndani ya mashimo anayochimba mchangani, kwenye fukwe za Bahari ya Shamu, Oman na Ghuba, kisha huja kukaa Mida msimu wake wa kuzaa ukiisha. Njia yake basi ni ile ile ya majahazi ya kaskazi.

Ng'ambo ya barabara kuu ya Mombasa huanza msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye kilomita za mraba zipatazo 420. Pembeni mwake yamo magofu ya Gedi, mji wa Waswahili uliohamwa mwanzoni mwa karne ya 17. Watu walipoondoka, miti iliota ndani ya nyumba na misikiti. Mwanaakiolojia James Kirkman alipoanza kuchimbua mwaka 1948, alilazimika kuutoa mji ndani ya msitu. Mwaka 2024 Gedi iliingia katika Urithi wa Dunia. Kima hurukaruka juu ya kuta zake, na chini kwenye majani makavu hupekua sange mwenye kiuno cha rangi ya dhahabu, mnyama apatikanaye pwani ya Kenya tu.

Ndani ya msitu yumo bundi mdogo wa Sokoke, mrefu wa sentimita 16 hivi, ambaye wanasayansi hawakumtambua hadi miaka ya 1960. Makao yake mengine yajulikanayo ni chini ya milima ya Usambara Mashariki, Tanzania. Msitu huu ulikaribia kupunguzwa kwa ajili ya mashamba, ila tangu 1993 mradi wa Kipepeo umewapa majirani sababu ya kuutetea: wakulima hufuga viwavi wa vipepeo na kuwauza ng'ambo wakiwa bado kwenye maganda yao.

Kwenye mirihi ya msitu huo huo hula kwera wa Clarke, aliyeelezwa kitaalamu mwaka 1913. Kwa miaka 100 haikujulikana anajenga wapi. Viota vyake vilionekana mwaka 2013, kwenye kinamasi cha msimu huko Dakatcha, kaskazini ya Sabaki, nje ya hifadhi yoyote ya serikali, mahali ambapo miti hukatwa kwa mkaa na ardhi hufyekwa kwa mananasi.