Kutoka Ubongo wa Gelatini hadi Helmeti ya Bodaboda

Ndia Kuu, itokayo upande wa Ngome ya Yesu ikapenya kati ya majumba ya Mji wa Kale wa Mombasa, ilifanywa kwa kipimo cha mtu aendaye kwa miguu na hamali apitaye na mzigo wake. Na hata zilipolazwa mjini reli nyembamba za toroli, mwishoni mwa karne ya 19, chombo hicho kilisukumwa na watu kwa mikono, wala aliyekipanda hakuwa na haja ya kukikinga kichwa chake. Leo hupita humo bodaboda, dereva mbele na abiria nyuma, na aghalabu abiria huwa kichwa wazi, ilhali helmeti iliyowekwa kwa ajili yake inaning'inia kwenye usukani. Helmeti hiyo ina tarihi, na sehemu kubwa ya tarihi yake haikuandikwa viwandani bali katika maabara za matabibu waliokuwa wakiuliza swali moja: ni jambo gani liupatalo ubongo wa mtu apigwapo kichwa, hata akazimia au akafa, na fuvu lake li zima?

Swali hilo lilipata nguvu mwezi wa Mei 1935, T. E. Lawrence, yule Mwingereza aliyepigana bega kwa bega na Waarabu katika Vita Vikuu vya Kwanza, alipoanguka na pikipiki yake nchini Uingereza, akafariki baada ya siku 6 pasi na kuzindukana. Miongoni mwa matabibu walioitwa kumtazama alikuwamo Hugh Cairns, mpasuaji wa ubongo mzaliwa wa Australia, ambaye baadaye aliyashughulikia sana mauti ya wapanda pikipiki. Mwaka 1941 alitangaza kwamba katika miezi 21 ya mwanzo ya Vita Vikuu vya Pili wapanda pikipiki na abiria wao 2,279 waliuawa katika barabara za Uingereza. Na kabla mwaka huo haujaisha, jeshi likawaamuru matarishi wake wa pikipiki wavae helmeti.

Walakini hesabu ya maiti hueleza wingi wa msiba, haielezi namna unavyotokea. Mwaka huohuo, Derek Denny-Brown na Ritchie Russell, waliofanya kazi yao Oxford, walieleza majaribio waliyowafanyia paka na wanyama wengine waliotiwa dawa ya usingizi, wakiwapiga kwa kidude chenye kubembea. Kichwa cha mnyama kilipokazwa kisitikisike, haikuwa rahisi kumzimisha. Kilipoachwa huru kikarushwa na pigo, fahamu zilimtoka. Ikadhihirika ya kwamba madhara hayatokani na uzito wa pigo peke yake, bali na mwendo wa ghafla ambao pigo hukipa kichwa.

Ndipo alipokuja A. H. S. Holbourn, mwanafizikia wa Oxford, ambaye mwaka 1943 alifanya jaribio lisilohitaji mnyama. Alifanya umbo la fuvu kwa nta, akalijaza gelatini mahali pa ubongo, akalizungusha kwa ghafla, na kwa nuru maalumu akaona ni wapi gelatini ile ilivutika na kupotoka. Ayafahamuye haya upesi ni yule aliyepata kuizungusha sahani ya halwa kwa ghafla, sahani ikatangulia na halwa ikachelewa. Ubongo haukubali kushindiliwa ukapungua, lakini ni mwepesi wa kupotoka umbo, na katika kupotoka huko nyuzi zake nyembamba hunyoshwa hata zikakatika.

Aliyeyafuata hayo kwa wanyama hai alikuwa Ayub Ommaya, tabibu mzaliwa wa Pakistani aliyesoma Oxford kisha akafanya kazi Marekani, ambaye kwa majaribio juu ya kima wa Bara Hindi alionyesha kwamba mtikiso wa shingo waweza kuudhuru ubongo hata kichwa kisipogonga kitu. Mwaka 1982, Thomas Gennarelli na wenzake wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania waliwarusha vichwa kima 45 bila kuwapiga, wakawatia katika uzimivu, na kuziona nyuzi za ubongo zimekatika kila mahali. Lakini ilimu hii ilikuwa na gharama yake. Mwaka 1984 wapinzani wa majaribio ya wanyama waliivamia maabara hiyo, wakachukua kanda za picha zilizowaonyesha nyani katika mateso na watafiti wakifanya mzaha, na mwaka uliofuata serikali ya Marekani ikasimamisha fedha zake.

Tangu hapo kazi nyingi imefanywa kwa panya. Katika njia ya Anthony Marmarou, ya mwaka 1994, kisahani cha chuma hubandikwa juu ya fuvu la panya ili lisivunjike, kisha uzani wa gramu 450 huangushwa juu yake kutoka mita 2. Njia hizo zimefunza mengi juu ya uvimbe na sumu zinazofuata pigo, ila dawa hazikuzaa. Steroidi, zilizotarajiwa kuokoa, zilijaribiwa kwa wagonjwa 10,008, na matokeo ya mwaka 2004 yakaonyesha kuwa zilizidisha vifo. Ubongo wa panya una gramu 2 hivi na uso laini. Wa mwanadamu hukaribia kilo 1 na nusu, umejaa mikunjo, na madhali ni mkubwa, hauhitaji mzunguko mkali kama wa panya ili upasuke ndani.

Basi faida iliyo dhahiri ya majaribio haya yote ni kinga. Tangu Kenya iondoe kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki ndogo mwaka 2008, bodaboda zimejaa mijini na mashambani. Na uchunguzi uliokusanya tafiti nyingi, uliotolewa mwaka huohuo, ulipata kuwa helmeti hupunguza hatari ya kufa kwa takriban asilimia 42, na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Sheria yetu inamtaka abiria avae kama avaavyo dereva. Kwa hivyo, ewe msomaji, kabla hujapanda kwenda Makadara au Kongowea, itake helmeti yako, uivae, na uufunge ukanda wake chini ya kidevu. Kwani matabibu hawajapata dawa ya kuziunga nyuzi zilizokatika.