Jumba la Michezo la Bury St Edmunds

Mashariki ya Uingereza, katika jimbo la Suffolk, umo mji mdogo uitwao Bury St Edmunds. Mji huo una jumba la michezo ya kuigiza, Theatre Royal, lililojengwa mwaka 1819, nalo liliwahi kukaa miaka arobaini likiwa ghala la mapipa ya bia. Msimulizi aweza kushawishika kuiruka miaka hiyo kwa haya. Kwa maoni yangu, ndiyo iliyoliokoa.

Aliyechora ramani yake ni William Wilkins, ambaye baadaye alibuni jengo la National Gallery, London. Wilkins hakuwa mbunifu tu. Alikuwa pia mwenye majumba ya michezo katika miji kadha ya mashariki, na kundi moja la waigizaji likiyazunguka kwa zamu. Bury walicheza majira ya gulio kuu la Oktoba, mji ulipojaa wageni, kisha wakafunga safari. Biashara ya namna hiyo ilifaa zama za magari ya farasi. Reli ilipoenea, mwenye fedha aliweza kwenda London kutazama michezo huko huko, na mzunguko ule ukafa.

Jumba lenyewe liliendelea kwa kuungaunga. Tarehe 29 Februari 1892 lilipata fahari isiyotazamiwa: hapo ndipo mchezo wa kuchekesha wa Brandon Thomas, Charley's Aunt, ulipochezwa mara ya kwanza duniani. Ulipofika London ulichezwa mara 1,466. Mwaka 1906 Bertie Crewe alilibadili jumba kwa ladha ya siku zile, lakini faida haikuja, na mwaka 1925 likafungwa.

Kampuni ya Greene King, ambayo kiwanda chake cha bia kiko jirani, ilikuwa imekwisha kulinunua. Ghala halihitaji mapambo, ila lahitaji paa zima na kuta imara. Na mwenye mapipa hana sababu ya kubomoa mahali anapoyaweka. Majumba mengi ya rika lake yalivunjwa au yakageuzwa yasitambulike. Hili lilingoja, hata wenyeji wakachanga zaidi ya paundi 37,000, nalo likafunguliwa tena mwaka 1965.

Kati ya 2005 na 2007 lilitengenezwa upya kwa paundi milioni 5.3, na hapa pana mjadala. Waliamua kulirudisha katika umbo la 1819: jukwaa likasogezwa mbele kati ya watazamaji, na kazi ya Crewe ikaondolewa. Je, mwaka 1906 si historia pia? Hoja hiyo ina uzito, wala siidharau. Lakini majengo ya namna ya 1906 yamebaki mengi, na jumba la michezo la zama zile za Wilkins lililosalia Uingereza ni hili peke yake. Tena jukwaa lile ni ushahidi. Mwanachuo asomaye tamthilia za wakati ule hushangaa kuona mhusika akigeuka kila mara kuwanong'oneza watazamaji. Akisimama hapo, hatua chache tu kutoka kwa mtazamaji wa kwanza, mshangao humwisha. Mchezo wa kufungulia mwaka 2007 ulikuwa Black-Eyed Susan wa Douglas Jerrold, wa mwaka 1829.

Tangu 1975 jumba limo mikononi mwa shirika la National Trust, kwa mkataba wa miaka 999. Mwenye nyumba angali ni kampuni ile ile ya bia.