Lugha na Shughuli za Darasani Katika Shule za Msingi za Kaloleni

Mtaala wa Umilisi ulipoanza kutumika kote nchini Kenya mwaka 2019, masomo ya madarasa ya chini yalibadilishwa majina, yakaitwa shughuli. Pana shughuli za Kiswahili, shughuli za hisabati, shughuli za mazingira, na shughuli za lugha za kiasili. Jina hilo lina maana yake. Mtoto hatazamiwi tena kukaa na kuitikia tu, bali kupanga, kuhesabu, kuuliza, na kueleza alichokiona. Wengi wamelipokea jambo hili kana kwamba ni geni. Lakini historia ya shule katika nchi ya Wagiriama, hasa upande wa Kaloleni, yaonyesha kwamba si geni, na kwamba kila lilipojaribiwa lilikwama mahali pamoja: mtoto ashughulike kwa lugha gani?

Mwanzo wa habari hii uko Rabai, jirani ya Kaloleni. Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na miaka miwili baadaye yeye na Johannes Rebmann walifungua kituo Rabai. Mwaka 1848 kilipigwa chapa huko Bombay kitabu chake cha kufundishia herufi katika lugha iliyoitwa Kinika, nacho kilifungwa pamoja na tafsiri ya katekisimu ya Heidelberg. (Jina Kinika lilikuwa la watu wa pwani kwa watu wa nyika, wenyewe sasa hujiita Wamijikenda.) Kule kufungwa pamoja kwa herufi na katekisimu kwaeleza mengi kuhusu darasa lililokusudiwa. Mwalimu huuliza swali lililoandikwa, mwanafunzi hujibu jibu lililoandikwa. Ni kukariri, lakini ni kukariri kwa lugha ya nyumbani, na sifa hiyo si ndogo. W. E. Taylor, aliyekuja baadaye na kutoa msamiati wake wa Kigiriama mwaka 1891, aliiendeleza njia hiyo kwa ustadi mkubwa zaidi. Wakati huo huo, Frere Town, kijiji cha watumwa waliokombolewa kilichoanzishwa karibu na Mombasa mwaka 1875, kilikuwa kimekusanya watu wa lugha nyingi ambao hawakuwa na lugha ya kuwaunganisha ila Kiswahili. Basi tangu karne ya 19 misheni hiyo moja ilikuwa na shule za mielekeo miwili ya lugha.

Tume ya Phelps-Stokes ilipozuru Afrika ya Mashariki mwaka 1924, ilipendekeza elimu ifungamane na maisha ya wanafunzi: kilimo, afya, kazi za mikono, na madarasa ya mwanzo yafundishwe kwa lugha za wenyeji. Hili ndilo wazo la shughuli katika sura yake ya kikoloni, na lilikuwa na kasoro yake, kwani wengi walishuku, wala si bila sababu, kwamba Mwafrika alikuwa akitayarishiwa jembe ili asitamani kalamu. Miaka michache baadaye, mkutano wa Mombasa wa 1928 uliteua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha ikaanza kazi mwaka 1930. Kwa Kaloleni matokeo yake yalikuwa ya ajabu kidogo. Mtoto wa huko alikuwa na *matso* nyumbani. Akishuka Mombasa akasikia *mato* kwa Wamvita. Akifungua kitabu cha shule akakuta *macho*. Lahaja ya jirani zake wa karibu haikuwa ya kitabuni, na ya kitabuni haikuwa ya jirani zake.

Hata hivyo wako walioimudu. Ronald Ngala, mzaliwa wa nchi hiyo aliyefundisha Kaloleni kabla ya kuingia siasa, alitoa mwaka 1949 kitabu *Nchi na Desturi za Wagiriama*. Yafaa kuzingatia kwamba mwalimu Mgiriama, akieleza mila za Wagiriama, aliandika kwa Kiswahili. Kufikia hapo Kiswahili kilikuwa kimekuwa lugha ya maandishi hata kwa mambo ya ndani kabisa ya nyumba ya Mgiriama. Huenda hili lilileta wasomaji wengi zaidi, lakini pia lilionyesha Kigiriama kilikuwa kimeachiwa kazi gani.

Mageuzi makubwa ya ufundishaji yalikuja kwa Njia Mpya ya shule za msingi, iliyotokana na Kituo Maalumu kilichofunguliwa Nairobi mwaka 1957. Hapa shughuli ilishika darasa kweli kweli: watoto waliketi kwa makundi, walicheza duka, walipanga kadi, nao mwalimu alizunguka kati yao badala ya kusimama mbele. Yote yalifanywa kwa Kiingereza. Njia hiyo ilianza kwa watoto wa Kiasia wa mjini, kisha ikasambazwa katika shule za Waafrika, na Tume ya Ominde ya 1964 ikaiunga mkono: Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia tangu darasa la kwanza. Lakini mchezo wa duka hautaki vitu tu, wataka mabishano ya bei. Mtoto asiyeweza kubishana huweka sarafu, huchukua kopo, hunyamaza. Kwa watoto wasiosikia Kiingereza popote ila kinywani mwa mwalimu, shughuli hugeuka kuwa kukariri kwa mikono. Karo ya madarasa manne ya mwanzo ilipoondolewa mwaka 1974, madarasa yalifurika na walimu wengi wasio na mafunzo wakaajiriwa. Njia iliyotegemea makundi madogo haikuwa na nafasi tena.

Tume ya Gachathi, mwaka 1976, ilirudia shauri la zamani: madarasa matatu ya kwanza yafundishwe kwa lugha inayotumika eneo la shule. Shauri jema, lakini Pwani lilikuwa na mtego. Kigiriama na Kiswahili ni ndugu wa karibu sana, na ni rahisi kwa mgeni kudhani kwamba palipo na kimoja pana kingine. Udugu huo una kanuni, si mfanano wa kubahatisha. Pale Kiswahili kinapotamka *t*, mara nyingi Kigiriama hutamka *h*: moto ni *moho*, mti ni *muhi*, tatu ni *hahu*. Maji ni *madzi*, na mji ni *mudzi*. Mtoto aandikaye *mutu* katika daftari la Kiswahili hajakosa kusikia. Amefuata mwundo wa lugha yake kwa uaminifu. Kumwekea alama ya kosa bila kumwonyesha kanuni ni kumnyima somo bora kuliko lote ambalo shule ya Kaloleni ingeweza kulitoa.

Hesabu yadhihirisha jambo hili zaidi. Katika nchi ya minazi vifaa vya kuhesabia havina bei: chelewa, vifuu, kokoto. Mtoto akihesabu kwa Kigiriama hufika *fungahe* na *chenda*, ambapo Kiswahili cha leo kina saba na tisa, maneno ya Kiarabu. Lakini Kiswahili cha kale kilisema *kenda*, na *fungate*, yaani siku saba za arusi, lingali neno hai. Tena *-te* ya fungate na *-he* ya fungahe zafuata kanuni ile ile ya moto na *moho*. Kwa hiyo mtoto huyu, ambaye mara nyingi amehesabiwa kuwa na upungufu wa Kiswahili, ana kauli za kale ambazo Kiswahili chenyewe kimeziacha au kimeziweka pembeni.

Mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, uliongeza sanaa, ufundi, kilimo na muziki, na kwa mara ya kwanza Kiswahili kilitahiniwa kwa lazima mwishoni mwa shule ya msingi. Hadhi ya Kiswahili ilipanda mara moja. Ile ya Kigiriama haikuguswa, kwa kuwa haikuwa na mtihani. Kwa karibu miaka 40, hadi mtihani huo ulipofanywa mara ya mwisho mwaka 2023, karatasi ya maswali ilikuwa mwalimu mkuu wa kweli katika shule nyingi, na shughuli zisizotahiniwa zilingojea muhula wenye nafasi.

Katiba ya 2010, ibara ya 7, inaitaka Serikali kukuza lugha za kiasili, na Mtaala wa Umilisi umezipa saa katika ratiba. Palipo na watu wa makabila mengi, shule huweza kuchukua Kiswahili kuwa lugha ya eneo. Kwa mji kama Malindi ruhusa hii yaeleweka. Kwa shule iliyo kati ya minazi ya Kaloleni, ambayo watoto wake wote hutoka nyumbani wakisema *moho*, mwalimu ndiye anayebaki kuamua ni majina gani ya hesabu atakayoyaandika juu ya kadi ya kwanza, na kama kadi hiyo itakuwa na upande mmoja au miwili.